Fungu la Mtu wa Tano

Kwa miaka mingi, mtu akiniuliza kwetu tumezaliwa wangapi, nilijibu wanne. Nilijibu haraka na kwa utulivu, kama mtu anayetaja namba yake ya simu. Ukweli ni kwamba tuko watano. Niliyemtoa ni kaka yangu, wa pili kuzaliwa, na nilimtoa kwa sababu alikuwa analala kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi, katika mtaa ninaopita kila ninapokwenda benki, na sikutaka mtu yeyote ailinganishe pua yake na yangu. Ni pua moja. Ni pua ya marehemu baba, pana na yenye kiburi, na watoto wote tuligawiwa bila upendeleo, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu ardhi.

Mtu aliyefika chuo kikuu hakosi maelezo, na mimi nilikuwa nayo ya kutosha. Nilijiambia kwamba anayeuliza swali hilo haulizi habari za uzazi, anauliza habari za kusaidiana: nani hupiga simu, nani huchangia msiba, nani hukaa meza ya familia kwenye harusi. Kwa kipimo hicho kaka hakuwemo. Niliwahi kuandika makala gazetini kuhusu utu, watu wawili wakanipigia kunisifu, na siku ileile nikavuka barabara ili nisipite mbele yake. Sikuona mgongano wowote. Nilichoangalia ni magari.

Ajabu ni kwamba kuna mahali ambapo familia yetu haikuwahi kukosea hesabu. Kila Krismasi tunapanda Masama, kama Wachagga wengine wote wanaokumbuka mwezi wa Desemba kwamba wana kwao. Siku ya pili ya sikukuu tunachinja mbuzi, na mbuzi kwetu hakatwi ovyo kama nyama ya bucha. Kila mtu ana sehemu yake kulingana na alivyozaliwa: wa kwanza ana yake, wa mwisho ana yake, mabinti tuna yetu, na shangazi ana yake ambayo ole wako uisahau. Kaka yetu mkubwa, ambaye ni mzee wa usharika na hufanya kila kitu kana kwamba anagawa sakramenti, hukata kwa kisu kirefu huku akitaja wenyewe. Akifika kwa wa pili, hukata fungu lake, huliweka juu ya jani la mgomba na kusema, "Hili la yule."

Halafu mtu anauliza nani atampelekea mjini. Hapo ndipo kila mmoja anakumbuka shida zake. Mmoja gari lake linagonga upande wa kushoto. Mwingine anaondoka kesho na hatapita mjini. Mimi kichwa kinaniuma. Kufika jioni mtu anasema nyama itaharibika, ingawa nyumba ile ina friji mbili, na tunaila. Nimekula fungu la kaka yangu kwa miaka mingi. Ni sehemu nzuri, ina mafuta kiasi, inafaa kwa ndizi. Kwa hiyo naweza kusema bila aibu zaidi ya niliyo nayo kwamba mbuzi wetu alijua kuhesabu kuliko mimi.

Nyumba ninayoisema ni ya mdogo wetu wa mwisho, anayeishi Dar es Salaam na kuzungumza na Masama kwa simu. Ni yake kwa mila. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa kipande chake cha kihamba, shamba lile la ukoo lenye kahawa na migomba na makaburi. Wa mwisho hurithi nyumba ya wazazi na migomba inayoizunguka. Wa kati huambiwa, wewe una nguvu, nenda katafute. Zamani palikuwa na pa kutafuta. Siku hizi ukitafuta juu unakutana na askari wa hifadhi, ukitafuta chini unakutana na ukuta wa mtu aliyekuwahi. Sisi mabinti hatukuulizwa. Ilitarajiwa kwamba viwanja vyetu vitakuja na waume.

Kaka alitafuta mlimani kwenyewe. Alikuwa mpishi wa safari za watalii, na sitamfanya malaika kwa sababu tu alilala nje: alikuwa mjuaji, mbishi, na mwenye majivuno kama wapishi wote. Alitusimulia jinsi alivyooka keki ya siku ya kuzaliwa ndani ya sufuria kwenye kambi ya juu kabisa, mahali ambapo hewa ni haba mpaka jiko linakohoa, na ukimkatiza alianza upya tangu kuchekecha unga. Akiwa bado na kazi alijijengea chumba cha mabanzi upande wa chini wa kihamba, karibu na uzio wa masale, mimea ile ya kuwekea mipaka. Baadaye magoti yakamshinda, safari zikamwacha, akabaki na chumba.

Kisha mdogo wetu akabomoa nyumba ya mama na kujenga ya kwake, ya vyumba sita, na ilipoezekwa, kabla ya kutiwa sakafu, akagundua kwamba magari ya Krismasi hayatakuwa na pa kugeuzia. Mahali pazuri pa kugeuzia palikuwa pale penye chumba cha mabanzi. Kaka akaambiwa atapewa stoo ya majembe na mbolea mpaka mambo yakae sawa. Akasema yeye hakuzaliwa gunia. Akateremka mjini na begi lake la mlimani. Pale palipokuwa chumba chake sasa pametandazwa vitofali vya sementi vyekundu na vya kijivu kwa kupishana, kazi nzuri sana, na magari hukaa hapo siku chache kwa mwaka.

Sisi tuliobaki tulisema amesusa. Neno hilo lilituponya. Mtu aliyesusa ana pa kulala, ila hataki; na mtu asiyetaka utamfanyaje? Nyumba ikafungwa. Akawekwa mlinzi, mtu wa Kondoa, mkimya, mwenye fungu la funguo kiunoni, anayelala kwenye kibanda cha getini na kufungua madirisha ya vyumba vyote sita kila Jumamosi ili vipumue. Mdogo wetu alilisema neno hilo kwa uchungu kama mtu anayeeleza hali ya mgonjwa: vyumba lazima vipumue.

Mambo yangeendelea hivyo hivyo kama shirika moja, ambalo sitalitaja kwa kuwa nimekula sambusa zake, lisingekuja Moshi kupima ni watu wangapi wanalala nje.

Mratibu wake alikuwa kijana wa Dar aliyevaa viatu vyeupe na kumwita kila mwanamke madam. Alinitafuta mimi nilainishe Kiswahili cha dodoso. Hakika kilihitaji kulainishwa. Swali la kwanza lilisomeka hivi: "Je, wewe ni mhusika usiyemiliki malazi rasmi katika kipindi rejea?" Nililifuta kwa furaha ambayo wasioandika hawawezi kuielewa. Kazi ya pili ilikuwa kuhudhuria kikao cha wadau kwenye ukumbi wa hoteli, kukubaliana hasa nani ni mtu anayelala nje na nani siye. Ungedhani jambo hilo mtu angelijua kwa kutazama. Ndivyo anavyodhani mtu ambaye hajawahi kuwa mdau.

"Kijana wangu," mzee mmoja mstaafu wa serikali akamwambia mratibu, "wewe umetoka Dar, huku hukujui. Mchagga hana tatizo la makazi. Kila Mchagga ana kihamba."

"Sawa, mzee. Lakini kama jana amelala chini, barabarani?"

"Basi amelala chini barabarani na kihamba anacho."

"Kwa hiyo tumwandikeje?"

"Mwandike msafiri."

Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka nao. Asiyecheka alikuwa mwanamke mnene wa Pasua, mwenyekiti wa mtaa wake na muuza mitumba, aliyekuwa ameketi karibu na chupa za chai kwa makusudi.

"Msafiri wa miaka mitatu?" akauliza. "Baba yangu, shikamoo, lakini safari gani hiyo? Anakwenda Yerusalemu kwa magoti?"

"Mama, tusichanganye mambo," akasema mstaafu. "Hao wa miaka mitatu wana kwao. Wamesusa."

Kulisikia neno letu la nyumbani likitoka kinywani mwa mtu mwingine kulinishtua kidogo. Lakini mshtuko wangu ulikwenda upande mbaya. Mratibu alinigeukia, akaniomba kama mtaalamu wa lugha niwasaidie wadau kupata mwafaka, na mimi nikasimama. Nilisema kwamba kwetu nyumbani si paa. Nyumbani ni udongo uliopokea kitovu chako na babu zako. Nikasema hatuwezi kuazima vipimo vya miji ya ugenini ambako mtu akikosa kodi ya pango amekosa kila kitu; mtu wa mlima huu, hata akilala chini ya anga, analala akiwa na pa kurudi. Niligonga meza kidogo. Mstaafu alinipa mkono. Ilikuwa hotuba nzuri, na kila nikiikumbuka natamani ardhi hiyo niliyoisifia ipasuke.

Kutokana na hotuba hiyo ikatungwa kanuni, nami nikaiandika kwa Kiswahili chepesi. Swali la kwanza likawa: "Familia yenu ina kihamba au nyumba?" Akijibu ndiyo, mtu huyo haingii katika hesabu ya wanaolala nje. Anaingia kundi la wenye kwao, na mradi utampatia usafiri wa kurudi. Kutoka mlango wa ukumbi ule mpaka kibaraza cha kaka yangu ni mwendo wa kumaliza pipi moja. Nilikuwa na ushahidi wote duniani, nikautolea hotuba.

Siku ya kuhesabu, mwezi wa Julai, niligawiwa mtaa pamoja na yule mama wa Pasua. Mradi ulipanga tuanze saa moja jioni, kwa sababu mratibu alikuwa ameambiwa usiku si salama. Maelekezo yalisema ahesabiwe mtu aliyelala. Tukazunguka na vizibao vya kijani vinavyong'aa huku maduka yakiwa wazi, muziki unapigwa, mahindi yanachomwa, na hakuna mtu hata mmoja aliyelala isipokuwa muuza magazeti mmoja aliyesinzia juu ya kiti chake, naye alipoamshwa akatutukana.

"Nani analala saa moja?" mama wa Pasua akasema. "Mimi mwenyewe mwenye kitanda silali saa moja. Hawa wanangoja maduka yafungwe, ndiyo wapate kibaraza. Hilo nalo linataka digrii?"

Nilimpigia simu mratibu, nikamwambia mtaa wetu hauna mtu.

"Poa sana, madam," akasema. "Sifuri nayo ni data."

Nilikuwa tayari kabisa kuipokea sifuri hiyo. Nilikuwa nimeshaanza kuvua kizibao. Mama wa Pasua ndiye aliyekataa. Alisema hajawahi kuuza balo la mitumba bila kulifungua na hataanza leo. Turudi alfajiri, kabla ya kengele ya misa ya kwanza, wakati watu bado wako chini.

Tukarudi. Kilimanjaro haukuonekana, wingu lilikuwa limeukalia, na baridi ya Julai ilikuwa ile inayopenya soksi. Na watu walikuwepo. Walikuwa kwenye vibaraza, kwenye meza tupu za soko, nyuma ya mashine ya kukoboa. Mama wa Pasua aliwainamia mmoja mmoja, akawaamsha kwa kuwagusa bega, akawauliza swali langu zuri. Kihamba kipo? Kipo. Kipo Kibosho, kipo Rombo, kipo Machame kwa baba mdogo. Hata waliotoka mbali, Singida na Tanga, walisema kwao kupo, maana nani atakubali mbele ya mtu mwenye kizibao kwamba hana kwao? Hilo ni tusi. Mtu atakubali kwamba hana shati kabla hajakubali hilo. Nami niliwaandika wote wenye kwao, mmoja baada ya mwingine, na sehemu ya wanaolala nje ikabaki nyeupe kama kitambaa cha altare.

Tulipokaribia duka la vifaa vya ujenzi nikasema, "Hapa tumeshapita."

"Tumepita lini, mwalimu?" akasema mama wa Pasua. Aliniita mwalimu tangu jana, na sikumsahihisha. "Au wewe ulipita peke yako?"

Kaka alikuwa ameshaamka. Alikuwa anakunja maboksi aliyolalia, anayapanga kwa ukubwa na kuyafunga kamba, kama alivyokuwa akifunga mizigo ya wapagazi. Alinitazama mara moja, akaendelea na fundo lake.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo msomaji wa kwetu analijua. Mdogo ndiye anayeanza. Mkubwa hawezi kukuamkia. Anangoja shikamoo yako, na usipoitoa anabaki hivyo hivyo, mdomo umefungwa na adabu. Kwa miaka yote ile sikuwa nimemwamkia, kwa hiyo kwa miaka yote ile hatukuwa tumesalimiana, na ningeweza kuapa mahakamani kwamba yeye hakuwahi kunisemesha. Ukimya ule ulikuwa wangu, niliumiliki peke yangu, pengine ndicho kihamba pekee nilichowahi kurithi.

"Habari za asubuhi," nikasoma kwenye karatasi. "Sisi ni wahesabu wa mradi wa..."

"Wewe mwalimu!" mama wa Pasua akanikatiza. "Huyu si mkubwa kwako? Mwamkie mtu vizuri."

"Shikamoo," nikaiambia karatasi.

"Marahaba," akasema kaka. "Hujambo? Umenenepa."

Mama wa Pasua akaangua kicheko. "Kumbe mnajuana!"

"Namwona akipita," kaka akasema. "Hupita upande ule wa pili."

Nikaenda moja kwa moja kwenye swali. "Familia yenu ina kihamba au nyumba?"

"Vyote viwili."

"Wapi?"

"Masama. Andika Masama, usiogope. Nyumba ina vyumba sita na kila kimoja kina choo chake. Haya maboksi ndiyo yaliyokuja na tailizi zake. Mwenyewe alinunulia hapa hapa, akapakia tailizi, maboksi yaliyopasuka akayaacha. Sikumwomba. Nilikaa tu."

"Mungu wangu," akasema mama wa Pasua. "Na huko analala nani?"

"Halali mtu. Panapumua."

Nikasoma swali la mwisho. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma bei. "Ukipewa usafiri, utakuwa tayari kurudi kwenu?"

Akaweka mzigo wake chini. "Nikifika," akasema, "nani atanifungulia?"

Dodoso langu, pamoja na wepesi wake wote, halikuwa na nafasi ya jibu linalouliza. Palikuwa na ndiyo na palikuwa na hapana. Nikaandika ndiyo.

Mama wa Pasua akatusogelea. Akamtazama kaka, akanitazama mimi, akamtazama tena. "Ngoja kwanza," akasema. "Mbona pua..."

"Pua za huku zote zinafanana," nikasema.

"Mwache mwalimu wa watu," kaka akasema bila ukali. "Kwao wako wanne. Nilimsikia mwenyewe redioni, redio ya humu dukani. Alihojiwa kuhusu maisha yake. Alisema, kwetu tumezaliwa wanne. Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

Nilikumbuka mahojiano hayo. Nilikuwa nimeyasikiliza mara mbili kwa jinsi nilivyozungumza vizuri.

Mchana wa siku hiyo nilimpigia simu mdogo wetu Dar. Nataka niliweke hili wazi, kwa sababu ndilo pekee lenye sura ya tendo jema: nilimpigia. Nilimwambia nyumba iko tupu na kaka analala juu ya maboksi ya tailizi za nyumba hiyo.

"Dada," akasema kwa upole wa mtu aliye kwenye kikao, "ile nyumba si hosteli. Alipewa pa kulala akasusa. Kila mtu akianza kuingia na kutoka, mpaka Krismasi kutabaki nini? Nimemwambia mlinzi wanaofunguliwa ni watoto wa nyumba, basi. Akifika mtu asiyemwelewa akupigie wewe, uko karibu. Na zile pazia mpya umeziona?"

Nikasema nimeziona, ni nzuri. Huo ndio ulikuwa mwisho wa mapambano yangu.

Ripoti ilizinduliwa katika ukumbi uleule. Asubuhi ya siku hiyo gari la mradi liliondoka likiwa na bango ubavuni, limebeba kundi la kwanza la wenye kwao, kila mmoja akiwa na blanketi jipya ndani ya mfuko wake wa nailoni. Mimi sikulishuhudia, nilikuwa saluni. Sikuwaza kabisa kwamba kaka angepanda. Yeye si gunia, angewaambia hivyo na kuwapa na habari za keki. Ukumbini mratibu alionyesha namba ukutani. Namba ya wanaolala nje ilikuwa ndogo kiasi kwamba mgeni rasmi aliipigia makofi, na mstaafu wetu akageuka huku na huku akiitikia kwa kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyewalaza watu wote ndani.

Mama wa Pasua aliketi karibu nami na sahani yake. "Nimepita kwenye duka la tailizi," akaninong'oneza. "Kibaraza kitupu. Ameondoka na mzigo wake wote."

Simu yangu ikaanza kutetemeka juu ya meza. Ilikuwa namba ya mlinzi. Nikatoka nayo mpaka kwenye korido.

"Dada, samahani kukusumbua," akasema mtu wa Kondoa. Nyuma yake nilisikia upepo kwenye migomba. "Bosi hapokei, na alisema nikishindwa nikupigie wewe. Kuna mzee hapa getini. Gari la mradi limemshusha Bomang'ombe, akapanda na bodaboda. Ana blanketi na maboksi."

"Anasemaje?"

"Anasema hapa ni kwao. Mimi nimemwambia mzee, hapa haingii mtu. Nikamuuliza, nani kakwambia hapa ni kwenu? Ananiambia dada yake ameandika. Ati dada yake ni mwandishi, ameandika kwenye karatasi za mradi kwamba ana kwao na yuko tayari kurudi, na yeye hawezi kumfanya dada yake mwongo mbele ya watu."

Kupitia mlango ulioachwa wazi nilimsikia mratibu akimshukuru kwa namna ya pekee madam aliyelainisha dodoso mpaka kila mwananchi akalielewa. Watu wakapiga makofi. Mtu alikuwa ananitafuta kwa macho ili nisimame nionekane.

"Dada, upo?"

"Nipo."

"Hajagombana. Amekaa tu juu ya vile vitofali vya kuegeshea magari. Sasa mimi shida yangu ni moja. Bosi aliniambia watoto wa nyumba hii ni wanne, na wote nawajua kwa sura. Huyu ana sura hiyohiyo." Akapunguza sauti kama mtu anayeona haya kuuliza mambo ya ndani ya watu. "Hivi kwenu nyinyi mko wangapi?"

"Tuko watano," nikasema. "Mfungulie."

"Bosi akifoka?"

"Atafoka kwangu."

Nikasikia funguo zikilia kiunoni mwake. Akatembea hatua kadhaa, kisha akasimama.

"Nimpitishe mlango wa jikoni, dada, au wa mbele?"

"Wa mbele," nikamwambia.